Vijiko Arobaini na Kimoja

Jumatatu, 2 Desemba

Nakuomba radhi, daftari. Nimekutupa kabatini miezi saba, nami, mkaguzi wa shule mstaafu, ndiye niliyewahubiria walimu miaka thelathini kwamba kumbukumbu isiyoandikwa ni uvumi. Mara ya mwisho niliandika mwezi wa Mei, siku ambayo mke wangu aliambiwa kwamba ana kisukari. Niliandika mistari miwili nikakufunga, kwa sababu sikuwa na mstari wa tatu unaofaa kusomwa na mtu.

Narejea kwa kuwa msimu umefika. Ukoo wetu hufunga mwaka nyumbani kwetu. Huja watu kumi na wanne, hukaa zaidi ya majuma mawili, na mke wangu huwapikia wote. Juu ya hayo huchemsha jamu ya machungwa, maana kila nyumba huondoka na chupa sita. Hakuna anayekumbuka nani aliianzisha desturi hiyo, wala aliyewahi kuuliza kama tunaweza kuiacha.

Leo tulikwenda kliniki. Daktari ni binti mwenye miwani na sauti isiyopanda. Alisema, "Mama, kipimo cha sukari cha asubuhi kisizidi nane. Mwezi huu ndio unaoniangushia wagonjwa. Sherehe zikiisha nawaokota mmoja mmoja." Akamvua viatu, akamgusa nyayo kwa uzi mgumu, akamwuliza kama anahisi. Mke wangu alijibu kwamba anahisi. Niliona kwamba mara mbili alijibu kabla ya kuguswa. Nikadhani ni wepesi wake wa kawaida.

Kipimo: 7.6.

Jumanne, 3 Desemba

Nimechukua sahani nyeupe nikaichora mistari kwa wino usiofutika: nusu ni mboga za majani, robo ni maharage au nyama isiyo na mafuta, robo ni wali. Hiyo ndiyo sahani yake hadi wageni watakapoondoka. Ratiba ya chakula nimeibandika kwenye mlango wa jiko, yenye saa na vipimo. Aliisoma yote, mikono ikiwa na unga, kisha akasema, "Bwana Mkaguzi, mbona hakuna kipindi cha mapumziko?"

Niliongeza gundi kwenye pembe za karatasi.

Kipimo: 7.4.

Ijumaa, 6 Desemba

7.5. Joto kali. Mawingu yanakusanyika, yanatazama, yanaondoka.

Jumatatu, 9 Desemba

7.2. Nimempongeza. Alisema, "Ahsante, mwalimu," kwa sauti ya mtoto wa darasa la pili.

Jumamosi, 14 Desemba

Wameingia. Kwanza mwanangu mkubwa, fundi umeme, pamoja na mkewe na binti zao watatu. Huyu mkaza mwana wangu ni msusi. Mikono yake haitulii, na mdomo wake haujapata kusubiri zamu. Jioni alifika dada yangu na kundi lake, amebeba kreti mbili za soda kana kwamba anakwenda jangwani.

Mezani dada aliiona ile sahani. Akaiinua juu.

"Jamani, njooni muone! Wifi analishwa kwa ramani!"

Wakacheka wote. Mke wangu naye alicheka.

"Kaka, na hapa kwenye mpaka wa wali na maharage, kuna askari?"

"Yupo," nilisema. "Ni mimi."

"Basi mlegezee kidogo. Mwaka wenyewe unafungwa mara moja."

Nilimweleza kwamba mwaka hufungwa mara moja na kidonda cha kisukari hufunguka mara moja. Alimeza tonge, akamwongezea wifi yake soda. Niliimwaga mwenyewe kwenye sinki.

Jumapili, 15 Desemba

8.3. Uchovu wa kupokea wageni, nadhani. Ameanza jamu: sufuria moja kila siku.

Jumanne, 17 Desemba

9.1. Sahani yake nimeikagua mchana na jioni. Hakuvuka mstari hata mmoja. Basi anakula kwingine, na anayekula kwingine ana wa kumletea.

Alhamisi, 19 Desemba

10.4.

Nimeishi na takwimu za kutosha kujua kwamba tarakimu haipandi peke yake. Nilifikiri nani ana desturi ya kuingia chumbani kwa mke wangu na kufunga mlango. Ni mkaza mwana. Kila alasiri humsuka nywele, na kicheko hupita chini ya mlango. Leo walipokuwa uani nilifungua mfuko wake wa kazi. Chini ya vitana na nyuzi palikuwa na pakiti tatu za biskuti, moja imefunguliwa.

Niliziweka katikati ya meza wakati wa chakula cha jioni, watu wote wakiwepo.

"Mwanangu," nilimwambia mkaza mwana, "hizi ni za nani?"

Alizitazama, kisha akanitazama mimi. "Umefungua mfuko wangu, baba?"

"Nimeuliza za nani."

"Za wateja wangu. Mtu anakaa saa sita kwenye kiti, anapewa chai na biskuti. Zimebaki humo tangu nifunge saluni."

"Na mgonjwa akiziona?"

"Mama hajawahi kuziona."

"Basi eleza. Sahani yake naijua. Kipimo chake nakijua. Chumbani anaingia nani?"

Mwanangu alisema, "Baba, taratibu." Nilimwambia kwamba taratibu ndiyo iliyotufikisha kumi nukta nne. Mke wangu alisema kwa sauti ya chini, "Hakunipa kitu huyu mtoto." Nilimjibu kwamba mgonjwa si shahidi katika kesi yake mwenyewe.

Mkaza mwana alisimama. Alikusanya biskuti zake moja moja, bila haraka. "Mimi sina shule, baba, sawa. Lakini kwetu mfuko wa mwanamke haufunguliwi hata na mwenye nyumba." Akaondoka. Wale mabinti watatu walimfuata, mdogo amebeba sahani yake.

Dada yangu alisema, "Haya. Nani anataka mchuzi?"

Ijumaa, 20 Desemba

10.9. Mkaza mwana anakula uani na wanawe. Mifuko yote katika nyumba hii sasa imefungwa, na kipimo kimepanda.

Jumapili, 22 Desemba

11.8. Mvua ya kwanza, kubwa, ya hasira. Imekuja na kuondoka bila kupoza chochote.

Jumatatu, 23 Desemba

Mwalimu asiyeelewa matokeo hukaa nyuma ya darasa na kutazama. Ndivyo nilivyofanya. Saa kumi na mbili asubuhi niliweka kiti kando ya mlango wa jiko, nikachukua mabakuli mawili, moja lenye maharage makavu na jingine tupu. Nia yangu ilikuwa kuhesabu kila anayemletea mke wangu kitu cha kula.

Hakuja mtu. Hakuna aliyeingia jikoni hata kusalimu, ila dada yangu aliyetia kichwa kuuliza kama chai iko tayari. Na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo nimelitazama miaka arobaini na moja bila kuliona.

Uji wa watoto: alichota kijiko, akaonja, akaongeza sukari, akaonja, akakoroga, akaonja tena. Nikahamisha punje tatu. Juisi ya machungwa: punje nne, kwa sababu ndoo zilikuwa mbili. Mchuzi: tatu. Keki kabla ya kuokwa: mbili. Supu na viazi vya mchana: saba. Kisha akaja kwenye jamu, na hapo mkono wangu haukupumzika. Jamu humwambia mpishi habari zake kwa ulimi: bado nyepesi, bado kali, sasa karibu, sasa bado tena. Alikuwa akionja huku anazungumza nami habari za paa linalovuja.

Saa nane mchana alifuta mikono. "Mbona unahesabu maharage, mume wangu? Umekosa wanafunzi?"

"Nahesabu vijiko."

"Vya nani?"

"Vyako. Vijiko arobaini na kimoja, na ishirini na viwili ni vya jamu. Na bado hujakaa kula."

Alicheka. "Ah! Kuonja si kula."

"Kwa mdomo si kula. Kwa damu ni kula."

Hakucheka tena. Alivuta kigoda akaketi mbele yangu, magoti yake karibu na yangu.

"Unakumbuka wale wageni wako wakaguzi? Mwaka wetu wa kwanza. Walikuwa watatu."

"Sikumbuki."

"Nilipika tangu alfajiri. Uliweka kijiko chini, ukawaambia wao, si mimi: 'Aliyepika hakuonja.' Kisha mkaendelea na habari za mitihani. Mmoja wao alinionea haya, akaangalia ukuta."

Niliweka bakuli la punje sakafuni.

"Tangu siku hiyo mimi huonja mara tatu. Mara ya kwanza naonja chumvi. Ya pili nawaonjea watu. Ya tatu nakuonjea wewe."

Nimekaa jioni nzima nikiitafuta siku hiyo. Nimepata mwaka wenyewe, shule nilizokagua, rangi ya koti nililovaa, hata jina la mwalimu niliyemwachisha kazi mwezi ule. Siku ya wale wageni watatu siioni kokote. Nimeila siku hiyo katika kila sahani miaka arobaini na moja, bila kuijua.

Jumanne, 24 Desemba

12.1. Nimeongeza kwenye ratiba, kwa herufi kubwa: MPISHI HARUHUSIWI KUONJA. Niliwaita wote nikaeleza sababu, kisha nikauliza nani atamsaidia kuonja.

Dada yangu alisema, "Kaka, mimi nimekuja kupumzika. Nikiingia jikoni humo hata wiki moja, nani atanitoa?"

Mwanangu alisema ulimi wake umekufa kwa sigara. Wengine waliangalia simu zao.

"Basi jamu iachwe mwaka huu," nilisema.

Kelele zilizotoka hapo sijazisikia tangu nilipokuwa mwalimu mkuu nikapandisha ada ya shule. Iachwe vipi? Watu wa nyumbani watasemaje? Chupa zimeshabebwa tupu kutoka mbali! Mke wangu mwenyewe ndiye aliyezima kelele. "Nitachemsha. Nitaangalia kwa macho, sitaonja."

Mkaza mwana alikuwa ameegemea mlango. Najua angeonja, na najua angechemsha hata jamu yenyewe. Alikuwa anangoja neno moja kutoka kwangu, nami nilikuwa nalo. Nilijiambia kwamba nitalisema wakati ufaao, faraghani, kwa utulivu.

Ijumaa, 27 Desemba

9.6. Inashuka. Nimemwonyesha kila mtu.

Jumamosi, 28 Desemba

8.8. Sufuria ya mwisho ya jamu, nayo ni kubwa kuliko zote. Bila kuonja, mke wangu huinua mwiko juu hadi karibu na uso, akitazama jinsi tone linavyoanguka: likianguka kama maji, bado, likijivuta, tayari. Nilisimama mlangoni nikamsifu kwa utii wake. Niliandika tarakimu kwenye ukuta na kuizungushia duara jekundu.

Jumapili, 29 Desemba

9.9. Mke wangu amevaa soksi nzito ndani ya nyumba, katika joto hili. Nilimwambia avue, miguu ya mgonjwa wa kisukari inahitaji hewa. Alisema anahisi baridi.

Jumatatu, 30 Desemba

13.0. Nimehesabu kila punje ya wali. Hajaonja kitu. Sielewi.

Jumanne, 31 Desemba, nayo nimeiandika tarehe 1

Niandike kwa mpangilio.

Meza ilikuwa imeandaliwa tangu mchana: kuku wanne, wali, viazi, keki ya ngazi mbili, mboga za majani ambazo nilisisitiza ziwe katikati, na ambazo hakuna aliyezigusa. Mke wangu alikuwa akipeleka sahani huku na huko. Kipimo cha asubuhi kilikuwa 16.7, nami sikumwambia mtu, kwa sababu ya lile duara jekundu ukutani.

Mkaza mwana aliingia kuchukua chakula cha watoto. Alisimama ghafla katikati ya chumba, akanusa.

"Mama, hebu kaa."

"Acha, mwanangu, watu hawajapata mchuzi."

"Kaa nimesema!" Sijawahi kusikia mtu akimwamrisha mke wangu hivyo isipokuwa mimi. Akaketi. Mkaza mwana alipiga magoti akaivua soksi ya mguu wa kulia, pole pole, kama anayefumua nywele zilizoshikana. Soksi haikutoka peke yake. Ilikuja na ngozi.

Juu ya mguu, toka katikati hadi kwenye vidole viwili vya mwisho, palikuwa na kidonda cheusi pembeni na cha manjano katikati. Harufu ikajaa juu ya kuku na keki.

"Hii nini, mama?"

"Ni jamu tu. Ilidondoka Jumamosi. Nilikuwa natazama tone kwenye mwiko, na mwiko mwingine uliojaa jamu ukaanguka mguuni kutoka ukingoni mwa sufuria. Sikujua. Niliona wakati wa kuoga, malengelenge. Hayaumi."

"Hayaumi kabisa?"

"Hata kidogo. Ndiyo maana nilisema si kitu."

Mkaza mwana alibonyeza kidole chake mwenyewe kwenye unyayo wa mama mkwe wake, kwa nguvu, huku akimtazama usoni. Mke wangu alikuwa anatabasamu. Hakujua kama amebonyezwa.

Dada yangu alisema, "Mficha maradhi..." na mwanangu akamwambia, "Shangazi, nyamaza leo."

Gari la jirani ndilo lililotupeleka. Mkaza mwana alikaa nyuma, ameupakata ule mguu. Mimi nilikaa mbele. Yule daktari wa miwani alikuwa zamu. Aliufungua mguu, akauliza, "Kwa nini alikuwa anapika?" Nilianza kumweleza kuhusu ratiba. Niliyasikia maneno yangu, yote sahihi, hakuna lililokosa mahali pake. Alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu, akarudi kwenye kidonda.

Alhamisi, 2 Januari

Wageni wameondoka kabla ya siku yao. Kila nyumba imechukua chupa zake sita. Dada aliuliza kuhusu zile sita za mwanangu, maana yeye na mkewe wamebaki. "Zisiharibike tu, kaka." Nikampa.

Nilipita jikoni baadaye. Sufuria hazijaoshwa. Nilianza kuziosha, nikagundua kwamba sijui sabuni inakaa wapi.

Jumapili, 5 Januari

17.2 wodini, hata kwa sindano. Ni kidonda, wanasema. Kidonda hupandisha sukari, na sukari hulisha kidonda.

Mkaza mwana analala pale kwenye kiti. Amefunga saluni katika msimu ambao wasusi hupata riziki ya miezi mitatu. Leo nilimwita kwenye ujia.

"Mwanangu, lile jambo la mfuko. Nilikosea."

"Ndiyo, baba."

Nilingoja aongeze kitu, aseme yamepita.

"Ulikosea," alisema tena. "Na ungelisema siku ile, ile sufuria ya mwisho ningechemsha mimi. Nilikuwa nimeshafunga kanga kiunoni. Nikakungoja mlangoni pale." Kisha akasema anarudi ndani, mama anataka kugeuzwa.

Nimemwita mropokaji kwa miaka kumi na miwili. Hajapata kuniambia neno moja lisilo la kweli.

Jumanne, 7 Januari

Daktari alikuja na mwenzake wa upasuaji. Vidole viwili vikatwe sasa, na huenda ikatosha. Wakingoja, sumu itapanda, na watakata chini ya goti. Nusu ya mguu au vidole viwili: hesabu ya darasa la kwanza.

"Tunakubali vidole," nilisema.

Mke wangu aligeuza kichwa kwenye mto. "Tunakubali, wewe na nani?"

Daktari wa upasuaji alitazama karatasi zake.

"Mke wangu, huu si wakati wa..."

"Nimeuliza tu. Mguu ni mmoja, nami ndiye ninayelala nao." Akamgeukia daktari. "Binti yangu, nikikatwa vidole viwili, nitasimama?"

"Utasimama, mama. Utatembea. Mwezi, miezi miwili."

"Nitapika?"

"Utaweza, ndiyo."

"Ndilo ninaloliogopa." Alisema bila kupandisha sauti. "Nikikatwa viwili, mwakani watanirudisha jikoni na hivyo vinane. Nikikatwa mguu, angalau watanipa kiti."

Hakuna aliyecheka, ingawa aliusema kama mzaha. Nilimwambia kwamba mwakani hatapika mtu, naapa, nitawaandikia barua wote. Alinitazama kwa upole. Upole ule ulinitisha kuliko kidonda.

"Utaandika, najua. Watakuja."

"Nitawafungia mlango."

"Na utakula nini, mume wangu?"

Sijawahi kupika hata uji. Nina umri wa miaka sabini na mmoja.

Daktari alisema anaweza kumpa muda hadi Alhamisi saa tatu asubuhi, si zaidi. Mke wangu akaomba nirudi nyumbani na mkaza mwana abaki. "Ukikaa hapa nitajibu kabla ya kuulizwa. Nimezoea."

Jumatano, 8 Januari

Mvua tangu alfajiri, imara, isiyo na haraka.

Mwanangu alikuja na fomu ya hospitali. Pana mahali pa mgonjwa, na chini yake pana mahali pa mume, endapo mgonjwa hawezi kuamua.

"Baba, weka sahihi hapo. Tuseme ana homa, haelewi. Wakikata vidole leo, kesho atashukuru."

"Ana homa?"

"Kidogo."

"Anaelewa?"

Aliufuta uso kwa kiganja. "Anaelewa vizuri sana. Ndiyo shida yenyewe."

Nilichukua kalamu. Sitasema sikuichukua. Nilisoma fomu mara mbili, na kila neno lilikuwa upande wangu. Vidole viwili au nusu ya mguu. Mtu yeyote mwenye akili angeandika jina lake pale na kumwokoa. Mwanangu alikuwa amekwisha kuniwekea kitabu chini ya karatasi ili niandike vizuri.

"Irudishe," nilimwambia. "Mwambie mkeo amsomee mama yako fomu yote, pole pole, hata yale maandishi madogo. Asiache kitu. Na asimshauri."

"Akichagua vibaya je?"

"Mwambie asimshauri."

Alinitazama kama mtu aliyekuta nyumba yake imehamishwa. Akaikunja karatasi chini ya koti, akatoka mvuani.

Saa tatu ya kesho nitakuwa nje ya mlango wa wodi, kwenye benchi. Sitaingia nisipoitwa. Akishasema atakalo, liwe ni vidole au ni mguu, nitaliandika hapa.